Shahada ya Sayansi ya Kuku kwa Njia ya Masafa: Mambo ya Kupimwa na Chama

Kuku hufugwa karibu katika kila kaya ya mwanachama, lakini wataalamu wa kuku waliofikia elimu ya juu ni haba. Kwa hiyo si ajabu mtumishi au mwanachama mwenye shahada ya kwanza akiomba chama kimsaidie kusomea shahada ya uzamili ya sayansi ya kuku kwa njia ya masafa, bila ya kuacha kazi yake. Ombi hilo ni jema. Hata hivyo fedha itakayotumika ni jasho la wanachama, na hapana budi Kamati ielewe jambo lenyewe kabla ya kupitisha uamuzi.

ELIMU HII SI NGENI

Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini wanafunzi walio nje yake mwaka 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Hapa Tanzania, wanaushirika walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufaidika: Kituo cha Elimu ya Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1964, kikawafikia makatibu na wajumbe wa kamati kwa masomo ya posta. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Leo kompyuta na intaneti zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya bahasha na stempu, lakini msingi ni ule ule: mwalimu yuko mbali, na mwanafunzi hujisimamia mwenyewe.

YANAYOSOMEKA KWA MBALI

Vyuo vikuu vichache duniani, kama vile Auburn, Georgia na Texas A&M vya Marekani, vina idara nzima za sayansi ya kuku. Masomo yenyewe hugawanyika katika lishe, uzazi na mbegu bora, utotoleshaji wa mayai, magonjwa, mabanda na uchumi wa ufugaji. Sehemu kubwa ya nadharia yake na hesabu zake huweza kusomeka nyumbani.

Kwa mfano, kuku wa mayai aliyekwisha anza kutaga hula kiasi cha gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku 500 watakula kilo 60 kwa siku, sawa na kilo 1,800 kwa siku 30. Mtaalamu wa lishe haishii hapo. Hujua kwamba kuku anayetaga huhitaji chokaa katika chakula mara tatu au nne zaidi ya mtetea anayekua, kwa ajili ya kujenga ganda la yai. Kisha hukokotoa mchanganyiko wa mahindi, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa utakaotosheleza mahitaji hayo kwa gharama ndogo. Hesabu hii yaweza kufanywa mezani usiku kwa taa, na faida yake ikaonekana katika daftari la chama.

YASIYOSOMEKA KWA MBALI

Yapo mambo ambayo hayafundishiki kwa maandishi pekee. Kumpasua kuku aliyekufa na kutambua kwa macho dalili za mdondo ndani ya tumbo lake ni kazi ya mkono. Vivyo hivyo kupima damu, kuchunguza ubora wa chakula katika maabara, na kusimamia mashine ya kutotolesha mayai kwa siku zote 21, ambapo kosa dogo la joto huweza kuharibu trei nzima. Chuo chenye kutoa shahada bila ya kueleza mahali pa mafunzo ya vitendo kitampatia mtu cheti, lakini wanachama hawatapata mtaalamu.

Tasnifu, kwa upande wake, huweza kufanyika hapo hapo kwenye chama, iwapo chuo kitaridhia. Mwanafunzi anaweza kugawa kuku wa rika moja katika makundi mawili, kundi moja likapewa dagaa na la pili mashudu, kisha akaandika kila siku chakula kilicholiwa na mayai yaliyookotwa. Matokeo yatawafaa wanachama hata kabla ya shahada yenyewe kutolewa.

MASWALI YA KUULIZA

(a) Je, mwombaji ana shahada ya kwanza inayohusiana na somo hili? Kwa kawaida shahada ya uzamili hudai hivyo. Asiye nayo aanzie kwenye astashahada au stashahada, kama zile zitolewazo na Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo.

(b) Je, chuo kinatambuliwa? Kwa chuo cha nje, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iulizwe kwa maandishi kabla ya ada kulipwa, wala si baada ya hapo.

(c) Vitendo vitafanyika wapi, chini ya usimamizi wa nani, na kwa gharama ya nani?

(d) Gharama zote ni kiasi gani? Mbali na ada, ipo mitihani, safari, vitabu, intaneti na mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni.

(e) Mwombaji atapata wapi saa za kusoma kila wiki, na nani atashika kazi zake wakati wa mitihani?

WAJIBU WA CHAMA

Msaada wowote uwe umo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na uandikwe katika kumbukumbu za kikao. Isilipwe fedha yote kwa mkupuo. Ilipwe kwa muhula, moja kwa moja kwa chuo, baada ya matokeo ya muhula uliotangulia kuletwa ofisini. Mkataba utaje muda ambao mhitimu atawatumikia wanachama, pamoja na utaratibu wa kurejesha fedha endapo ataacha masomo au kuondoka mapema. Masharti hayo humlinda pia mwanafunzi, kwa kuwa Kamati mpya haitaweza kukana ahadi ya ile iliyotangulia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katibu atakayepokea ombi la namna hii alifungulie jalada lake, akusanye majibu ya maswali matano yaliyotajwa, ndipo alifikishe mbele ya Kamati. Chama kitakachofuata njia hiyo kitaweza kusema ndiyo bila hofu, au hapana bila uonevu.