Fahamu: Springi ngumu hufanya nini gari likikata kona

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, barabara ya Lindi inayopita Mikindani hupokea malori yanayoelekea Bandari ya Mtwara. Wapo wenye magari wanaotaka springi za nyuma zikazwe ili zibebe zaidi, wakiamini pia kwamba springi ngumu huzuia uzito kuhama. Hazizuii.

Chukua gari la kilo 1,500, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 juu ya lami, na mita 1.5 kati ya tairi la kushoto na la kulia. Kona ikilisukuma ubavuni kwa nguvu ya asilimia 40 ya uzito wake, kilo 240 huhamia matairi ya nje. Springi laini au ngumu, ni karibu zilezile. Linyanyue sentimita 5: zinakuwa 260.

Kinachobadilika ni mgawanyo. Nyuma pakiwa pagumu kuliko mbele, tairi la nyuma la nje huelemewa mapema na mkia huteleza. Mbele pakizidi ugumu, gari hugoma kukunja. Kwenye njia ya makorongo, bora ulaini kiasi, maana gurudumu linalorukaruka halishiki ardhi, na shokapu iliyochoka huzidisha balaa.