Orlando Martins, Mchezaji wa Picha za Sinema

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Mbeya na Iringa, mtu akitoka kutazama picha ya sinema kwa kawaida humtaja mchezaji mmoja tu, yule shujaa aliyeshinda vita au aliyemwoa binti mwishoni. Wengine wote huwasahau: mzee aliyefungua mlango, askari aliyepiga saluti, jumbe aliyekaa chini ya mti. Hao ndio wachezaji wasaidizi. Kazi yao ni kuitegemeza hadithi kama mafiga yategemezavyo chungu. Hakuna asifuye mafiga, lakini pasipo mafiga chungu hakikai. Leo twataka kueleza habari za mmoja wao, Mwafrika aliyefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, na ambaye sehemu yake moja kubwa ilikuwa katika hadithi ya nchi yetu yenyewe, ilipokuwa ikiitwa Tanganyika.

Jina lake Orlando Martins. Alizaliwa katika mji wa Lagos, nchi ya Nigeria, tarehe 8 Desemba 1899. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika meli kubwa iitwayo Mauretania, naye alikuwa mtia makaa, yaani mmoja wa wale wakaao chini kabisa melini mbele ya tanuri, wakitupa makaa kwa sepetu mchana na usiku. Vita vilipokwisha alikaa London tangu mwaka 1919. Hapo alishika kila kazi iliyokuja mkononi. Alishindana mieleka mbele ya watu kwa ujira. Alifanya michezo ya majoka katika sarakasi. Alisimama jukwaani nyuma ya wacheza ngoma wa Kirusi. Na kwa kuwa alikuwa na sauti nzito, aliimba pamoja na waimbaji waliosafiri mji kwa mji. Katika picha za zamani zisizo na sauti alikuwa mtu wa kujaza uwanja tu, mmoja katika kundi.

Kujaza uwanja si jambo la kudharau. Mwaka 1935 ilitoka picha iitwayo “Sanders of the River,” ambayo mchezaji wake mkuu Mwafrika alikuwa Paul Robeson wa Marekani. Martins alikuwamo. Tena katika kundi la watu waliojaza uwanja alikuwamo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, jina lake Jomo Kenyatta, yule yule aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya mwaka 1964. Mwaka 1936 Martins alicheza tena na Robeson, safari hii katika jukwaa la London, katika mchezo wa habari za Toussaint L'Ouverture, aliyewaongoza watumwa wa Haiti kuupata uhuru wao.

Sasa tufike kwenye ile picha ya Tanganyika. Iliitwa “Men of Two Worlds,” yaani Watu wa Dunia Mbili, nayo ilitolewa mwaka 1946, picha ya rangi, na sehemu yake ilipigwa hapa nchini. Hadithi yake ni hii. Mbung'o wanakikaribia kijiji, na pamoja nao ugonjwa wa malale; Bwana Shauri ataka watu wahame. Jambo hili halikuwa la kubuni, maana katika miaka ile watu wengi wa Tanganyika walihamishwa kweli kwa sababu ya malale. Kijana wa kijiji hicho, Kisenga, aliyekaa Uingereza miaka kumi na mitano akijifunza muziki, arudi nyumbani ili kuwashawishi watu wake. Anayempinga ni mganga Magole. Magole amwambia Kisenga kwamba atakufa, na Kisenga, ingawa amesoma sana, aanza kudhoofika kwa hofu.

Kisenga alichezwa na Robert Adams, mzaliwa wa Guyana, na Magole alichezwa na Martins. Basi tazameni: mganga yule wa Tanganyika alikuwa mtu wa Lagos, aliyekuwa mtia makaa wa meli. Vitisho vyake vilitoka katika ufundi. Na ufundi huo una taabu yake, kwa kuwa picha haipigwi mfululizo kama hadithi isimuliwavyo. Hupigwa vipande vipande, mwisho pengine kabla ya mwanzo, na mchezaji hana budi kukumbuka hasira aliyokuwa nayo juma lililopita ili leo aitoe ile ile.

Lakini hatuwezi kuisifu hadithi yenyewe kwa yote. Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi waliokuwa London waliilalamikia, wakiona kwamba yawavunjia Waafrika heshima, na sisi twaonelea walikuwa na haki. Kwa muda mrefu mchezaji Mwafrika alipewa kuwa mganga, au jumbe, au mtumishi, wala hakuulizwa kama ana lingine la kusema. Martins alizichukua sehemu hizo kwa sababu ndizo zilizokuwapo, akazicheza kwa uzito kuliko zilivyoandikwa.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ya picha “The Hasty Heart” ya mwaka 1949. Mahali ni hospitali ya askari huko Burma, mwisho wa Vita Kuu ya Pili. Wazee wa wilaya zetu hawakuhitaji kuelezwa Burma ni wapi, maana askari wa Tanganyika katika K.A.R. walipigana huko mwaka 1944, na miongoni mwao walikuwamo vijana wa nyanda hizi za juu. Katika chumba hicho wamelala Mwingereza, Mwamerika, Mwaustralia, mtu wa New Zealand, na askari Mwafrika aitwaye Blossom, ambaye ni Martins. Huyo Mwamerika alichezwa na Ronald Reagan, ambaye tangu mwaka 1981 hadi 1989 alikuwa Rais wa Marekani. Blossom hajui Kiingereza, na karibu hasemi neno.

Aletwa askari wa Scotland, Lachie, mtu mwenye kiburi asiyetaka kupokea kitu cha mtu. Hajui kwamba atakufa baada ya majuma machache; wenziwe wameambiwa na daktari, nao wajitahidi kumpenda. Apatapo kuijua kweli, akasirika, aona wema wao wote ulikuwa huruma tu, ataka kuondoka akafe peke yake. Ndipo Blossom amletea zawadi ya ushanga. Lachie aikataa. Kisha aambiwa: huyu hajui Kiingereza, hakuelewa lolote tulilosema juu ya kufa kwako. Zawadi yake basi haikuwa ya huruma. Hapo kiburi chavunjika, na Lachie akaa.

Hadithi nzima yageuka katika mkono wa mtu asiyesema. Martins alikwisha kuicheza sehemu hiyo jukwaani London kabla ya kuicheza katika picha, naye alijua kwamba akiongeza kitu kidogo usoni, machozi au tabasamu kubwa, ataiharibu. Alinyosha mkono tu.

Baadaye alionekana katika “Simba,” mwaka 1955, hadithi ya Kenya wakati wa Mau Mau, na katika “The Nun's Story” ya mwaka 1959, hadithi ya Kongo. Katika miaka hiyo ya 1950 Watanganyika nao walikwisha kuanza kucheza picha kwa Kiswahili chao; katika “Muhogo Mchungu” alicheza Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea jirani zetu, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962.

Martins alirudi Lagos mwaka 1959. Huko alipata jambo alilolikosa London: hadithi za Waafrika zilizoandikwa na Waafrika. Mwaka 1970 alicheza katika “Kongi's Harvest” ya Wole Soyinka, na mwaka 1971, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, katika picha iliyotokana na vitabu vya Chinua Achebe. Alikuwa Obierika, rafiki wa Okonkwo, mchezaji msaidizi bado. Alifariki Lagos tarehe 25 Septemba 1985.