Touba, mji uliojengwa kwa karanga

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Max Weber alidai kwamba maadili ya Waprotestanti ndiyo yaliyochochea ubepari wa Ulaya. Alikusudia kuuchunguza Uislamu pia, lakini akafariki mwaka 1920 kabla hajaimaliza kazi hiyo. Ni hasara, maana huko Senegal, wakati huohuo, kulikuwa na jambo la kumkunisha kichwa.

Sheikh Ahmadou Bamba, mwasisi wa tarika ya Muridiyya, aliwafundisha muridi wake kwamba kazi ni sehemu ya ibada. Wafaransa, waliokuwa wakiitawala Senegal, walimwogopa. Mwaka 1895 walimpeleka uhamishoni Gabon, akarejea 1902. Baadaye wakang'amua kwamba watu wake wanafyeka pori na kulima karanga, zao ambalo viwanda vya Ufaransa vililihitaji kwa mafuta. Uhasama ukapoa, biashara hulainisha mengi.

Mfuasi wake Ibra Fall alikwenda mbali zaidi. Kundi lake, Baye Fall, wengi wao hawasali sala tano wala hawafungi Ramadhani: jasho ndiyo ibada yao. Huvaa nguo za viraka vya rangi rangi, nywele zimesokotana, mkanda mpana wa ngozi kiunoni na kibuyu mkononi, wakipita kukusanya sadaka kwa ajili ya sheikh. Mashekhe wetu wa mwambao wangekuwa na la kusema hapo, na siwezi kuwalaumu.

Vijana walipelekwa daara, yaani kambi za kilimo, wakamlimia sheikh miaka kadhaa bila ujira, ndipo wakagawiwa ardhi. Sheikh naye alipaswa kuwafaa wakati wa njaa na maradhi. Ardhi ikachoka. Ukame wa miaka ya 1970 ulipobisha hodi, wengi wakakimbilia uchuuzi: soko la Sandaga jijini Dakar, kisha Paris, miji ya Italia, hadi Harlem, New York. Hata huko wanachangishana na kutuma fedha Touba, mji mtakatifu wa tarika yao huko Senegal, ambako msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1963 ulijengwa kwa michango ya waumini.

Kwa hiyo dini iliweza kuwaamsha watu alfajiri wakalime, tena bila mnyapara. Mgawanyo wa mavuno ni hesabu nyingine, na katika hesabu hiyo familia za mashekhe na wafanyabiashara wa Kifaransa walinufaika kuliko aliyeshika jembe.