Boksi Mchana, Kalamu Usiku: Msanii Ataishije Ughaibuni?

Naandika kutoka Kensington, huku mashariki ya katikati ya Johannesburg. Wenzetu mlioko vyuo vya mbali huenda hamkijui kitongoji hiki. Ni mtaa wa zamani wenye vilima, nyumba za mabati na vibanda vya uani ambavyo sisi wanafunzi tunapanga kwa sababu teksi za kwenda mjini hazisumbui. Ukipanda Langermann Kop jioni unaliona jiji lote limewaka taa, na kama una kipaji cha kuchora au kuandika, hapo ndipo moyo unapokuuma. Unajua kesho kuna darasa, kisha zamu ya mgahawani, na kuna simu ya nyumbani inasubiri jibu kuhusu ada ya mdogo wako.

Swali ambalo limeletwa sana kwenye vikao vyetu ni hili: mtu mwenye sanaa ndani yake afanye nini? Aache sanaa awe mtoto mwema, au awaache wa nyumbani awe msanii? Mimi naona swali lenyewe limeulizwa vibaya. Tuangalie waliotutangulia walifanyaje, halafu tupige hesabu.

NJIA YA KWANZA: KAZI MBALI, SANAA PEMBENI

Shaaban Robert tunamsoma tangu shule, lakini wengi hatujui kwamba karibu maisha yake yote alikuwa karani. Alianza Idara ya Forodha mwaka 1926 na kukaa huko hadi 1944. Baadaye akaenda Idara ya Wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Vitabu vyake vingi viliandikwa na mtu mwenye mwajiri, mwenye uhamisho, na mwenye watoto wa kulea baada ya kufiwa na mkewe Amina. Na tazameni jambo moja: utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na ule wa Adili kwa ajili ya mwanawe. Familia haikumzuia kuandika, bali ilimpa cha kuandika.

Hapa hapa Johannesburg yupo Oswald Mtshali. Alikuja mjini akitaka kusoma Chuo Kikuu cha Wits, sheria za ubaguzi zikamfungia mlango. Akawa tarishi, anapeleka bahasha za watu ofisi hadi ofisi. Mwaka 1971, akiwa bado tarishi, kitabu chake cha mashairi Sounds of a Cowhide Drum kilitoka na kuuzwa kwa maelfu. Mitaa aliyokuwa akipita kikazi ndiyo iliyomo ndani ya mashairi yake.

Faida ya njia hii ni kwamba mshahara unaingia na hakuna anayekupangia uandike nini. Hasara yake ni uchovu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53, na baadhi ya kazi zake zilichapishwa yeye hayupo tena.

NJIA YA PILI: KAZI JIRANI NA SANAA

Abdulrazak Gurnah alitoka Zanzibar akafika Uingereza mwaka 1968, kijana mdogo asiye na kitu. Alifanya kazi ya uhudumu hospitalini, akasoma, akawa mwalimu wa fasihi, na akafundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu mwaka 2017. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, yaani miaka 19 baada ya kufika. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2021. Naye Euphrase Kezilahabi alifundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana, huku anaandika.

Ualimu, uhariri, upigaji picha wa harusi, usanifu wa matangazo: zote hizi ni kazi za jirani. Uzuri wake ni kwamba mkono haupoi. Ubaya wake ni kwamba kazi jirani inakula kutoka sahani moja na sanaa. Ukishinda kutwa unasahihisha maandishi ya wengine, usiku huna hamu tena ya kuona herufi.

NJIA YA TATU: KUUZA SANAA YENYEWE

Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya vibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora kwenye mbao nyepesi kwa rangi zile za kupaka baiskeli, kwa sababu ndizo alizoweza kununua. Mkewe Agatha aliziuza picha pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Soko lilipokua, hakufungia ujuzi ndani. Alifundisha ndugu na jamaa. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, waliomdhania mtu mwingine, wale aliowafundisha waliendelea, na hadi leo jina lake linalisha nyumba nyingi.

Hapo tunaona sanaa ikiwa duka la ukoo. Lakini duka lina wateja, na mteja anataka chui yule yule aliyemwona kwa jirani. Anayeishi kwa kuuza lazima akubali kwamba picha nyingine ni za kodi ya nyumba, na chache tu ndizo za moyo.

Wapo pia wanaotutajia William Kentridge, mtoto wa Johannesburg anayejulikana duniani kote. Ni msanii mkubwa, hakuna ubishi. Ila tukumbuke alizaliwa katika nyumba ya mawakili wenye uwezo. Kujilinganisha naye wakati wewe ndiye unayesubiriwa nyumbani ni kujionea bure.

SASA HESABU

Wiki ina saa 168. Lala saa 7 kila siku: 49. Darasa na kujisomea: 45. Kazi: kanuni za hapa zinamruhusu mwenye viza ya masomo ya chuo kikuu kufanya kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki, basi weka 20. Teksi, kupika, kufua: 25. Jumla 139. Zimebaki 29 za ibada, marafiki, simu za nyumbani na kupumzika. Ukichukua 10 tu za sanaa, hata ukiacha majuma 12 ya mitihani na safari, kwa mwaka una saa 400. Hizo ni nyingi. Tatizo letu sisi ni kwamba tunazisubiri zije zote kwa mkupuo, wakati zinakuja mbili mbili.

Tahadhari moja: kuuza picha au kupiga muziki kwa malipo kunaweza kuhesabiwa kuwa biashara. Uliza kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako, usije ukaponza viza kwa ajili ya randi mia tano.

Upande wa nyumbani nao una hesabu. Benki ya Dunia imeeleza kwa miaka mingi kwamba Afrika Kusini ni kati ya nchi ghali zaidi kutumia kutuma pesa. Kutuma kidogo kidogo kila simu ikilia kunakula makato. Afadhali kiwango kimoja kwa mwezi, kinachojulikana na pande zote mbili, hata kama ni kidogo. Mzazi anaelewa kidogo chenye tarehe kuliko kikubwa kisicho na uhakika. Na mwambieni ukweli: "Mama, shikamoo. Mwezi huu nitatuma kiasi hiki, na Jumamosi sifanyi kazi kwa sababu naandika." Wengi wetu tunaficha sanaa kama vile ni ulevi, halafu tunashangaa wazazi wanaiona ni ulevi.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza ni kwamba usichague kati ya mama na kalamu. Chagua mojawapo ya njia hizi tatu, ujue gharama yake mapema, na uwe tayari kuhama. Mwaka wa kwanza beba boksi, mwaka wa tatu pengine utapata kazi ya jirani. Ila zile saa 10 usizikopeshe. Mwenye kuahirisha hadi atakapomaliza kusomesha wadogo atakuta wadogo wamezaa, na wajukuu nao wanataka ada.

Haba na haba hujaza kibaba. Kazi njema, na mitihani iwe myepesi kwenu nyote.