Kutoka Vilima vya Matombo hadi Ukingo wa Ruvu
Ashukaye kwa miguu vilima vya Matombo, mashariki mwa Uluguru, hupita migombani hadi ukingo wa Ruvu. Mlimani maji hukimbia juu ya mawe. Bondeni hupunguza mwendo na kuacha madimbwi. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia. Vijidudu vitokavyo kwao hupenya ngozi ya mvuvi, mfua nguo na mtoto anayeogelea.

Kijana akikojoa damu, baadhi ya watu husema amebalehe. La hasha: hiyo ni dalili ya ugonjwa uwezao kuharibu kibofu, figo na uzazi. Mhudumu wa afya na aulize kwa staha. Mgonjwa naye asifiche. Dawa ya prazikwanteli hutibu, na choo bora huzuia mayai ya minyoo kurudi mtoni.