std::visit: kwa nini programu yako inazungushwa, na dawa yake



Dogo mmoja hapa mtaani anaandika kwa C++ programu ya hesabu za wakala wa pesa kwa simu. Kila muamala ni wa aina moja kati ya 4: kuweka, kutoa, kulipa bili au kununua vocha. Ametumia std::variant, iliyoingia kwenye C++17. Akaniuliza, "Kaka, mbona watu wanasema std::visit ni nzito?" Nikaona nijibu hapa hapa, wengi tufaidike.

Variant ni kama bahasha yenye lebo. Ndani kuna kitu kimoja tu, na lebo ni namba inayosema ni aina gani. Kazi ya std::visit ni kusoma lebo na kuita kazi inayohusika.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni jedwali la pointa za kazi. Ni kama ofisi ambayo karani anasoma karatasi yako, anaangalia orodha ukutani, halafu anakwambia "nenda chumba namba 3". Unapata huduma, ila umezungushwa. Kibaya zaidi, mara nyingi kompaila haioni kilichomo ndani ya chumba hicho, kwa hiyo inashindwa kuunganisha na kurahisisha kodi.

Ya pili ni switch. Hapa karani anakuhudumia palepale dirishani, kompaila inaona kila kitu na inakata mizunguko isiyo na maana.

Maktaba ya GCC ilianza na jedwali. Siku hizi, ukiwa na variant moja yenye aina zisizozidi 11, inatumia switch. Zikizidi, au variant zikiwa mbili na kuendelea, inarudi kwenye jedwali. Maktaba ya Microsoft nayo hutumia switch mpaka hali 256.

Kwa hiyo dogo mwenye aina 4 asihangaike: apate GCC mpya, awashe -O2, basi. Akiita visit kwa variant mbili, ajue michanganyiko ni 4 mara 4, yaani 16, na hapo jedwali linarudi. Kama sehemu hiyo inarudiwa mara milioni, aandike switch yake juu ya index().

Ila pima kwanza jamani! Programu ikiwa inasubiri diski au mtandao, kubadili visit ni kupoteza hela ya kafe bure.

Nawakilisha. Waliopima, tupeni majibu hapo chini.