Mnada Haungoji: Kuipa Sala Saa Yake

Nikitoka kanisani hapa Bisil siku ya Jumapili, lalama ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Natamani kusali, lakini muda siupati." Huisema mfanyabiashara wa mbuzi, huisema mama mwenye kibanda cha chai, huisema kijana wa bodaboda. Niliisikia Mombasa kabla sijahamia huku, na naisikia kila nikishuka Kitengela kuchukua bidhaa. Ni lalama ya kweli, na wanaoitoa si watu wavivu. Hapa nataka kueleza jinsi Wakristo wa tangu zamani walivyolitatua jambo hili, na jinsi linavyoweza kutatuliwa katika mji wa vumbi, kelele na simu kama huu wetu.

Kwa msomaji wa pwani asiyeijua Bisil, ni mji mdogo katika kaunti ya Kajiado, kwenye barabara kuu ya kwenda Namanga mpakani. Ukitoka Nairobi unapita Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado, kisha unafika kwetu. Malori ya kwenda na kutoka Tanzania hupita usiku na mchana. Siku ya mnada wa mifugo ndiyo hapakaliki kabisa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huingia tangu alfajiri, madalali hupaza sauti, na bei hubadilika ukigeuka tu. Mimi huuza shuka na leso karibu na hapo, na mteja akija hanisubiri nimalize sala.

Siku hizi hata siku isiyo ya mnada haina utulivu. Tangu M-PESA ianze mwaka 2007, biashara imehamia mfukoni. Simu ikilia huenda ni malipo, huenda ni mteja, huenda ni kamati ya harusi inadai mchango. Huwezi kujua bila kutazama, na ukishatazama, nusu saa imepita. Kitengela nako watu wengi hulala tu. Kazi zao ziko viwanda vya Athi River au Nairobi, wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi gari na kurudi watoto wamelala. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "tafuta muda usali", umemwongezea kazi moja zaidi.

Saa za Biblia ni saa zetu

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ambayo wasomaji wengi wa Biblia hawana. Tunahesabu saa za mchana kuanzia macheo, kama walivyohesabu Wayahudi wa zama za Yesu. Kwa hiyo tukisoma Matendo ya Mitume hatuhitaji kupiga hesabu. Siku ya Pentekoste Petro anawaambia watu kwamba ni saa tatu, nayo ni saa tatu hii hii ya asubuhi ambayo duka langu limeshafunguliwa. Katika sura ya 10 anapanda darini huko Yafa kusali yapata saa sita, jua likiwa utosini. Katika sura ya 3 yeye na Yohana wanakwenda hekaluni saa ya kusali, nayo ni saa tisa. Kornelio naye alikuwa akisali saa tisa alipotokewa na malaika.

Tazama watu hao walikuwa nani. Kornelio alikuwa akida wa jeshi la Kirumi. Petro siku ile pale darini alishikwa na njaa, na chakula kilikuwa bado kinaandaliwa. Danieli, aliyesali mara tatu kila siku, alikuwa mmoja wa wakuu watatu waliosimamia maliwali wote wa ufalme. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nafasi ya ziada, lakini kila mmoja alikuwa na saa yake.

Kanisa la kwanza lilirithi mazoea hayo. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho kutoka siku za mwanzo kabisa za Kanisa, kinawaagiza waumini kusali Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwapangia watawa wake siku nzima kwa vipindi vya sala na kazi. Mwaka 1549 kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza kiliweka ibada ya asubuhi na ya jioni ya kila siku. Wakatoliki hadi leo husali Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Madhehebu haya yametofautiana kwa mengi, lakini hapa yalifikia jawabu moja: saa ijulikane kabla siku haijaanza, ili mtu asishindane na nafsi yake kila siku kuhusu lini atasali.

Watu wa pwani hatuhitaji kushawishiwa sana. Tumekua tukisikia adhana. Tumeona muuza viungo pale Marikiti akifunika bidhaa zake, akienda kuswali na kurudi, na biashara yake haikufa. Wakristo nasi tuna Kengeleni, mtaa uliopata jina kutokana na kengele ya Frere Town, makazi ambayo wamisionari wa CMS waliyaanzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele ile hukumbukwa zaidi kwa kuwaonya watu hatari inapokuja. Lakini inafundisha hivi: jambo ambalo jamii haitaki kulisahau huwekewa sauti. Sala isiyo na sauti wala saa husahaulika, hata kwa mtu anayeipenda.

Namna ya kuanza

Kwanza, ifunge sala na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Mama wa chai huwasha jiko kila alfajiri, na kabla maji hayajachemka kuna dakika ambazo ni zake. Mwenye bodaboda ana muda kabla ya kuwasha pikipiki. Anayesafiri kutoka Kitengela anaweza kuchagua kituo kimoja njiani, na gari likipita hapo, ndipo anapoanza. Mimi nimeifunga sala yangu na kufuli la duka. Kabla sijafungua nasimama nje nasali, kisha saa tisa, joto linapoanza kupungua na wateja wamepoa, narudia.

Pili, iwe fupi. Baba Yetu, hata ukiisema polepole, haimalizi dakika moja. Anayeanza kwa kujiwekea saa nzima huchoka katikati ya wiki, kisha hujiona hafai. Anayeanza na dakika tano huweza kuzitunza mwaka mzima, na mara nyingi zenyewe huongezeka bila kulazimishwa.

Tatu, simu ikae mbali. Kuizima sauti hakutoshi, maana jicho litaiendea. Iache ndani ukasali nje, au mpe mtu akushikie. Kama Biblia yako imo ndani ya simu, nunua ya karatasi. Kama biashara yako ni ya M-PESA, andika kibao "Narudi sasa hivi". Watu wa Bisil huelewa, maana kibao hicho hicho hukitundika ukienda kula.

Nne, mawazo yakikimbia, usiyapige vita. Ukikumbuka deni katikati ya sala, mtajie Mungu deni hilo kwa jina na kiasi chake, kisha uendelee ulipoachia. Jambo lililokuja kukuvuruga limekuwa ombi. Weka kalamu na kijitabu karibu. Likija jambo usilotaka kulisahau, liandike neno moja, kisha rudi.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote, tazama nani ndani ya nyumba amebeba nini. Huku kwetu maji ni taabu. Kuna mama anayefuata maji na punda, akirudi apike, anyonyeshe, afue, na jioni asikie mhubiri akisema asiyesali ana uvivu wa imani. Si haki. Mzigo wa maji hauwi dhambi. Nyumba inayotaka mama asali, mtu mwingine na ambebe mtoto na kuangalia sufuria kwa dakika kumi. Baba anayekesha kanisani kila Ijumaa huku kazi zote zikimwangukia mkewe amepata muda wa sala kwa kuukopa kwa mwenzake bila kumwuliza. Deni hilo hulipwa nyumbani.

"Mimi husali nikiwa kazini"

Wapo watakaosema saa maalum haihitajiki, kwa kuwa mtu anaweza kusali akiendesha gari au akipika. Ni kweli, anaweza. Nehemia alimwomba Mungu kimoyomoyo akiwa mbele ya mfalme, kati ya swali na jibu. Ndugu Lawrence, mtawa Mfaransa wa karne ya 17 aliyefanya kazi jikoni, alifahamika kwa kuongea na Mungu katikati ya masufuria. Lakini soma habari zao mpaka mwisho. Nehemia alikuwa amefunga na kusali kwa siku nyingi kabla ya dakika ile ya mfalme. Ndugu Lawrence aliishi katika nyumba ya watawa mjini Paris, ambako siku nzima ilipangwa kwa nyakati za sala. Sala yao ya kazini ilichota kutoka kwenye ile ya saa maalum, kama ndoo inavyochota kisimani.

Faida ya saa niliiona wazi wakati wa ukame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kubwa za nchi kavu za Kenya, na Kajiado iliumia. Ng'ombe walikufa. Siku ya mnada watu walikuja na mifugo iliyokonda kiasi kwamba hakuna aliyetaka kutaja bei. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alipoteza karibu kundi lake lote. Aliniambia kwamba miezi ile hakuwa na neno la kumwambia Mungu. Kushukuru hakuweza, na kuomba alikuwa amechoka. Lakini tangu ujana wake alizoea kukaa kwenye kigoda nje ya boma alfajiri, kabla mifugo haijatoka, akisali. Mifugo haikuwepo tena, naye akaendelea kukaa pale. "Nilikaa tu," alisema. "Mungu alijua ile ni saa yangu."

Ukame ulimpa kila mfugaji muda asioutaka. Boma lilikuwa tupu, hakuna wa kukamua wala wa kuchunga. Kama sala ingekuwa ni suala la kupata nafasi, basi mwaka ule tungesali wote. Mzee yule alishikiliwa na mazoea aliyoyajenga miaka ya shibe, wakati alipokuwa na kazi nyingi.

Kwa hiyo usingoje mambo yatulie, maana mnada hautatulia, na siku ukitulia huenda ni kwa sababu ya msiba. Chagua saa moja leo. Mwambie mtu mmoja, mume, mke au rafiki, kwamba hiyo ndiyo saa yako, akukumbushe. Kesho, hata ukiwa huna la kusema, fika. Na kama umechagua saa tisa, jua kwamba mimi pia niko hapa Bisil nyuma ya shuka zangu, nasali saa hiyo hiyo.